Mwenye Nyumba, Kabla ya Kumfukuza Mbwa Uliza Anafanya Kazi Gani

Msomaji, ukipita katika mitaa ya nyumba za kupangisha mjini Embu, iwe ni Dallas au Majimbo, ama ukipanda hadi Makutano kule Meru, mara nyingi utakuta langoni maneno haya yameandikwa kwa rangi: hakuna kufuga wanyama. Mimi sina ugomvi na maneno hayo. Nilipanga nyumba miaka mingi kabla ya kujijengea yangu, na ninaijua adha ya kuamshwa saa nane za usiku na mbwa wa jirani, kisha asubuhi ukakanyaga kinyesi chake ukienda kuanika nguo. Lakini lipo swali moja ambalo wenye nyumba hawaulizi, na sisi madaktari pia hatuulizi. Kwa sababu ya kutouliza huko, mgonjwa wangu mmoja aliungua mkono.

Alikuwa mama kijana, fundi wa kushona nguo, akiishi peke yake katika chumba kimoja hapa Embu. Ana kifafa tangu utotoni. Dawa alikuwa akizimeza vizuri, lakini wapo wagonjwa ambao hata wakimeza dawa bila kukosa bado huanguka mara moja moja, naye ni mmoja wao. Kutoka kwa mamake, karibu na Runyenjes, alikuwa amekuja na mbwa wa kawaida tu, wa rangi ya udongo, ambaye hakufunzwa na mtu yeyote. Kila mara mama huyo alipoanguka, mbwa alitoka nje akaukwaruza mlango wa jirani na kubweka bila kukoma mpaka mtu aje. Majirani walikuwa wamekwisha kuuzoea mlio huo. Wakiusikia, walijua la kufanya: wanamlaza kwa ubavu, wanaondoa kilicho karibu kinachoweza kumwumiza, wala hawamtii kijiko mdomoni.

Mwenye nyumba akampa notisi ya mwezi mmoja. Mbwa aondoke, au waondoke wote wawili. Mama akaja kwangu kuomba barua.

Nilicheka, msomaji. Nilimwambia kwamba mimi ninaandika barua za watu, siandiki za mbwa. Nikamwongezea kiasi cha dawa, nikamwambia atafute mtu wa kuishi naye, kana kwamba watu wa kuishi nao wanauzwa sokoni. Mbwa akarudishwa Runyenjes kwa matatu, ndani ya gunia lenye matundu.

Haukupita muda mrefu, jioni moja alianguka akipika. Mkono wake wa kulia ulilala juu ya jiko la makaa na hakuna aliyejua mpaka jirani aliposikia harufu. Vidole viwili havikunji tena, na kazi yake ni ya cherehani. Siwezi kuapa kwamba mbwa angemzuia asiungue, maana mbwa hazimi jiko. Lakini katika kuungua, kila dakika ina hesabu yake, na yeye alilala pale dakika nyingi.

Tangu siku hiyo, mtu akinijia na habari ya mnyama na nyumba ya kupanga, sicheki. Ninamwuliza: mnyama huyu anakufanyia kazi gani ambayo wewe huwezi kuifanya kwa sababu ya hali yako ya afya?

Swali hili halimpendelei kila mpangaji. Alikuja kijana mmoja kutoka Makutano, safari nzima hadi Embu, akitaka niandike kwamba mbwa wake mkubwa wa ulinzi anamtibu msongo wa mawazo. Aliona jambo hilo kwenye filamu za Marekani. Nilimwuliza msongo ulianza lini, anautibu wapi, na mbwa hufanya nini unapomzidi. Hakuwa na jibu hata moja, ila kwamba mwenye ploti ni mtu mbaya. Huenda ni mbaya kweli, lakini huo si ugonjwa ninaoweza kuuandikia cheti. Akaondoka amenuna, nami nikapoteza ada ya siku.

Kule Marekani kwenyewe jambo hili liliwatia watu taabuni. Sheria yao ya nyumba humtaka mwenye nyumba amfikirie mpangaji mlemavu anayehitaji mnyama wa kumsaidia, hata kama ploti haikubali wanyama. Ni sheria nzuri. Lakini wakazuka watu wa kuuza barua kwa malipo, bila hata kumwona mgonjwa. Mwaka 2018 abiria mmoja alifika uwanja wa ndege wa Newark na tausi, akidai kwamba ndege huyo ni wa kumtuliza moyo, akakataliwa. Mwishoni mwa mwaka 2020 serikali yao iliyaruhusu mashirika ya ndege kuwahesabu wanyama wa kutuliza moyo kama wanyama wa kawaida wa nyumbani. Mbwa waliofunzwa kazi maalum ndio waliobaki na haki yao. Barua ya uongo humwumiza kwanza yule mwenye haja ya kweli, kwa kuwa siku atakapobisha hodi mwenye nyumba atakuwa amekwisha kusikia hadithi za tausi.

Hapa kwetu mbwa tunamjua kwa kulinda boma. Wazo la mbwa anayemwongoza kipofu wengi hulichukua kuwa la sinema, ingawa Marekani walianzisha shule ya mbwa hao mwaka 1929 na Uingereza ikawapata wa kwanza mwaka 1931. Kumfunza mmoja ni kazi ya muda mrefu na ya gharama kubwa. Wanafunzi waliotoka shule ya vipofu ya St Lucy's, Igoji, ninaowafahamu mimi hutembea kwa fimbo nyeupe, na wanatembea vizuri. Kwa hiyo ukinipa vyeti na vitambulisho vya shule za mbwa kuwa ndicho kipimo, utakuwa umewafungia mlango karibu watu wote wa Meru na Embu. Mbwa wa yule fundi hakuwa na cheti. Alikuwa na kazi.

Hapo kwenye kifafa nitoe tahadhari moja. Wapo wanaodai kwamba mbwa wao huona kifafa kabla hakijaja. Yawezekana kwa baadhi yao, lakini usiyaweke maisha yako juu ya jambo hilo, kwani hakuna njia ya kuaminika ya kumfunza mbwa kutabiri. Kuita watu baada ya mtu kuanguka ni jambo jingine, na hilo linawezekana. Wala mbwa hachukui nafasi ya vidonge. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hadi watu 7 kati ya 10 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata matibabu yafaayo. Mtu asiache dawa kwa sababu ana mbwa.

Je, sheria yetu inasemaje? Mimi si wakili, lakini nimeisoma Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 27 kinakataza kumbagua mtu kwa sababu ya ulemavu, na hakikuwafunga watu wa serikali peke yao. Mtu binafsi naye amefungwa. Kifungu cha 260 kimeueleza ulemavu kwa upana, hata ugonjwa ambao kwa muda mrefu unamzuia mtu kufanya shughuli zake za kila siku umo ndani. Tena mwaka 2008 Kenya iliidhinisha mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu, unaozitaka nchi zisaidie kupatikana kwa msaada wa viumbe hai ili walemavu waweze kutembea na kujitegemea. Ukiisoma nakala ya Kifaransa, maneno yake ni wazi zaidi: msaada wa binadamu au wa mnyama. Mwenye nyumba anayesema kwamba ploti ni yake na neno lake ndilo la mwisho, asiwe na hakika sana.

Sasa nirudi kwa mwenye nyumba, kwa maana naye ana haki ya kuogopa, na hofu zake nyingi ni za kidaktari. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa, na hapa kwetu chanzo chake karibu kila mara ni mbwa. Mbwa asiyechanjwa hafai kukaa katika ploti yenye watoto, hata kama kazi yake ni nzuri namna gani. Chanjo hutolewa na madaktari wa mifugo na hurudiwa kila mwaka. Cheti chake ndicho cha kwanza ambacho mwenye nyumba anastahili kukidai. Na mtu akiumwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha hospitali mara moja, hata kama jeraha ni dogo kama la mwiba. Wale wanaopaka pilipili au mafuta ya taa wanapoteza wakati.

Kisha kuna minyoo. Mayai yake hukaa katika mchanga ambamo watoto huchezea, na minyoo ya namna fulani inaweza kufika hata kwenye jicho la mtoto. Dawa ya minyoo kwa mbwa kila miezi mitatu, na kinyesi kuzolewa kila siku, si mambo ya kubembelezana. Pia fikiria jirani mwenye pumu anayekohoa usiku kucha kwa sababu ya manyoya ya paka wa chumba cha pili. Huyo naye ni mgonjwa wangu. Haja ya mmoja haiifuti ya mwingine, na pengine suluhisho ni kumhamishia mwenye mnyama chumba cha mwisho cha ploti, chenye mlango wake wa nje.

Na barua? Ninaziandika siku hizi, lakini ni chache. Sitaji ugonjwa mpaka mgonjwa aniruhusu, kwa kuwa mwenye nyumba hana haja ya kuijua siri hiyo, na kifafa bado kinaonewa aibu. Ninaandika kwamba ninamtibu mtu huyu, kwamba hali yake ni ya muda mrefu, kwamba mnyama fulani hufanya kazi hii na hii, na kwamba asipokuwapo hatari fulani huongezeka. Simwandikii mtu niliyemwona siku hiyo kwa mara ya kwanza. Siandiki pia kwamba mbwa ni mpole, maana mimi sikumpima mbwa. Mwenye nyumba akitaka kuweka masharti ya kamba, usafi na chanjo, na aweke, yaandikwe katika mkataba wa nyumba, mpangaji atie sahihi. Mbwa akimwuma mtu au masharti yakivunjwa, notisi itolewe kama kwa mpangaji mwingine yeyote. Lakini asitozwe kodi ya ziada kwa ajili ya mnyama huyo, kama vile mzee asivyotozwa kwa ajili ya mkongojo wake. Akiharibu mlango, alipe mlango.

Yule fundi alihama ile ploti. Nilimwandikia barua ambayo nilistahili kuiandika mwanzo, ya mistari sita. Mwenye nyumba wa pili aliisoma, akaniuliza kwa simu maswali mawili ya maana, yote juu ya chanjo, akakubali. Siku hizi mama hushona kwa kuishika nguo na mkono wa kushoto, polepole, na sehemu kubwa ya kazi yake ni kufupisha suruali. Jiko ameliinua juu ya meza ya mawe. Kila mwezi huja kuchukua dawa, na mbwa hungoja nje chini ya mti. Mfanyakazi wangu aliwahi kumrushia jiwe, nikamwita ndani tukazungumza.