Onyo la Hifadhidata Lisipuuzwe

Aghalabu wanafunzi wa Kiswahili huyachukulia mambo ya tarakilishi kuwa ya wenzao wa sayansi. Hata hivyo, kamusi, majarida na mikusanyo ya matini huhifadhiwa siku hizi katika hifadhidata za wavuti, na nyingi kati ya hizo hujengwa juu ya kiunzi, yaani programu inayompa mjenzi mifupa ya tovuti. Mfano mmoja ni Django, kiunzi kilichoanza kuundwa mwaka wa 2003 katika ofisi za gazeti moja mjini Lawrence, Marekani, kikatolewa kwa umma mwaka wa 2005.

Tangu toleo la 1.7 la mwaka wa 2014, Django imekuwa na utaratibu wa kukagua mipangilio ya mradi. Ikiona dosari, hutoa ujumbe. Kosa huisimamisha kazi. Onyo huandikwa kwenye skrini, kisha kazi ikaendelea. Hapo ndipo penye mtego. Kwa kuwa tovuti inafunguka, mjenzi hudhani mambo ni shwari. Isitoshe, kiunzi chenyewe kina njia ya kuyanyamazisha maonyo, na wapo wanaoikimbilia kabla ya kusoma kilichoandikwa.

Tuseme onyo lenyewe ni mysql.W002. Hilo huarifu kwamba hifadhidata ya MySQL haijawekwa katika hali kali. Katika hali kali, neno lisiloenea katika safu yake hukataliwa, na mwingizaji akajua. Hali hiyo isipokuwepo, MySQL hulikata neno, ikahifadhi kipande kinachoenea, na aliyeliingiza asiwe na habari.

Kiswahili huumia kwa namna ya pekee hapa, kwa sababu kitenzi chake hutanguliza viambishi na kuuweka mzizi nyuma. Safu ikiwa ya herufi 10, neno "hawatakusaidia", lenye herufi 14, litabaki "hawatakusa". Ukanushi upo, nafsi ipo, wakati upo, mtendwa yupo. Mzizi wenyewe umekatwa, na maana imekwenda nao. Mkusanyo wa matini uliojaa vipande vya aina hii haufai kwa utafiti, na herufi zilizokatwa hazirejei ila kwa kuyaingiza upya maneno kutoka kwenye nakala asilia.

Tiba si ngumu. MySQL 5.7, iliyokamilika mwaka wa 2015, huja ikiwa katika hali kali. Shida hubaki kwenye seva za kale na zile ambazo wasimamizi wake wameizima. Katika mipangilio ya Django, mjenzi huongeza agizo la kutekelezwa kila muunganisho unapofunguliwa: SET sql_mode='STRICT_TRANS_TABLES'. Kisha huipanua safu iliyo finyu. Kufanya la kwanza bila la pili ni kuifanya hifadhidata ikatae maneno halali.

Huenda mtu akateta kwamba maonyo ni mengi na mengine hayana uzito. Hoja hiyo ina ukweli. Onyo models.W042, lililoletwa na toleo la 3.2 la mwaka wa 2021, lilimtaka mjenzi achague aina ya ufunguo msingi wa majedwali yake. Aina ya zamani hufikia rekodi 2,147,483,647, idadi ambayo jarida la wanafunzi haliwezi kuikaribia. Mjenzi aliweza kuibakisha aina hiyo kwa kuitaja waziwazi, na onyo likaondoka. Lakini uamuzi huo ni halali kwa sababu umefuata kusoma. Anayenyamazisha bila kusoma hawezi kujua ni lipi dogo na ni lipi linalokata mizizi ya maneno. Wahenga walinena: mdharau mwiba, guu huota tende.

Kwa hivyo, haifai upana wa safu ya maneno ya Kiswahili uachiwe mtaalamu wa tarakilishi peke yake. Yeye anajua jinsi safu inavyoundwa. Mwanaisimu ndiye ajuaye kitenzi cha Kiswahili kinaweza kurefuka kiasi gani. Idara inayojenga kamusi au mkusanyo wa matini iwaketishe wawili hao pamoja siku ya kuandaa hifadhidata, na maonyo yote yasomwe na kufasiriwa kwa Kiswahili kabla ya neno la kwanza kuingizwa.