"Mtoto Anapumzika": Neno Tunalolipinga



Ndugu zetu wazazi na wanafunzi, kuna neno linalozunguka majumbani mwetu, Nyamirambo, Biryogo na kwingineko hapa Kigali. Mama mwenye mimba ya miezi minane au tisa anasema: "Leo mtoto hachezi kama kawaida." Anajibiwa na shangazi, mama mkwe au jirani: "Usihofu mwanangu, siku zimekaribia, mtoto anapumzika." Anapewa chai yenye sukari nyingi, anaambiwa alale, mambo yatatazamwa kesho.

Neno hili tunalipinga. Si kweli kwamba mtoto hupunguza kucheza akikaribia kuzaliwa. Kwa kawaida mama huanza kumhisi kati ya wiki ya 16 na ya 24, mchezo huongezeka hadi karibu wiki ya 32, kisha huendelea vivyo hivyo mpaka uchungu. Kulala analala, lakini usingizi wa tumboni ni wa dakika 20 hadi 40, na ni nadra kuzidi dakika 90. Hakuna usingizi wa kutwa nzima. Mtoto asiyepata hewa na chakula cha kutosha kupitia kondo la nyuma hupunguza kucheza ili kuokoa nguvu zake. Kucheza ndiyo sauti yake, hana nyingine.

Watasema wengine: "Tumwachie Allah." Sisi pia tunaamini qadar. Lakini sote tunakijua kisa cha bedui aliyeelekezwa na Mtume (s.a.w.) amfunge ngamia wake kwanza, ndipo atawakali. Maduka yetu tunayafunga kwa kufuli kila usiku, wala hatusemi kufuli linapunguza imani. Iweje tawakkul ya kukaa bila kufanya lolote tuiweke kwa mtoto peke yake? Akifia tumboni tunamkafini na kumzika kwa heshima. Je, heshima hiyo aanze kuipata akiwa maiti?

Hatusemi mama ashinde na tasbihi akihesabu mateke. Hakuna idadi moja ya watoto wote. Shirika la Afya Duniani mwaka 2016 halikupendekeza kuhesabu kila siku kuwe desturi ya wote, ila lilitaka mama aulizwe juu ya mchezo wa mtoto kila anapokwenda kliniki, na anayeona umepungua achunguzwe zaidi. Wala hatuahidi kwamba kila anayewahi ataokoa mtoto. Utafiti wa Uingereza na Ireland uliotolewa mwaka 2018, uliohusu mimba zaidi ya 400,000, haukuonyesha kwamba mpango wa kuwahamasisha akina mama na kuwahudumia haraka ulipunguza vifo hivyo. Kwa hiyo mama aliyefiwa asilaumiwe kamwe. Lakini kutokuwa na ahadi si sababu ya kulala. Kupimwa mapigo ya mtoto hakudhuru kitu, na wengi hurudi nyumbani wakiwa na amani.

Basi mama, ijue kawaida ya mwanao. Ikipungua au ikibadilika, nenda siku hiyo hiyo, hata usiku wa manane. Ukirudishwa na ikapungua tena, nenda tena, usione haya.

Baba, lipa mituweli mapema, weka nauli kando, na toa ruhusa leo, si hadi usakwe kwa simu. Katika mudugudu wako yupo mjumbe wa afya anayefuatilia wajawazito, mjue. Namba ya gari la wagonjwa ni 912.

Nanyi wanafunzi, mkisikia nyumbani "anapumzika", semeni kwa adabu, lakini semeni.

Allah awahifadhi mama zetu na vizazi vyetu. Aamiin.

Wabillahi Tawfiiq.