Anayesinzia Kazini Si Mvivu Siku Zote

Mwenzetu akisinzia penye mashine, nyapara huandika: mvivu, au mlevi. Sisi tunasema: ulizeni kwanza anameza dawa gani.

Wafanyakazi wengi wenye ugonjwa wa sonona hupewa amitriptilini, dawa ya zamani na ya bei nafuu, iliyokuwamo katika orodha ya kwanza ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 1977. Inasaidia, lakini huleta usingizi, kinywa kikavu, choo kigumu, na kizunguzungu mtu anaposimama ghafla. Waragi huzidisha usingizi huo. Basi anayekataa glasi siku ya mshahara asichekwe. Anahitaji maji karibu, na maharage na mboga za kutosha katika chakula cha kiwandani, si posho tupu.

Wanaotumia aina nyingine ya zamani, kama fenelzini, wana mwiko mkali zaidi: jibini ya siku nyingi na baadhi ya vyakula vilivyochachushwa vyaweza kupandisha shinikizo la damu hata kuua.

Tunaloogopa ni hili: mtu huacha dawa kimyakimya asije akafukuzwa. Kuacha ghafla kuna madhara, na ugonjwa waweza kurudi. Wa kupunguza dawa ni daktari, si nyapara.

Kwa hiyo tunadai: anayeanza dawa hizi aondolewe kwa muda kwenye mashine, usukani na zamu ya usiku, bila kukatwa mshahara. Matawi yalitie jambo hili katika mkataba. Mashine ikiharibika huitiwa fundi. Mfanyakazi naye apewe nafasi ya kupona.