Kengeza Likiachwa Huzaa Chongo

Methali isemayo "Ukipenda, chongo huita kengeza" tunaifundisha kama sifa ya mapenzi: apendaye haoni kasoro, au akiiona huipunguza. Sina ugomvi na mapenzi. Ugomvi wangu ni na kile ambacho methali hiyo inakichukulia kuwa kweli, yaani kwamba kengeza ni jambo dogo. Hapa Bujumbura mtoto mwenye makengeza hupewa mambo mawili: nyumbani huambiwa "atakua, yataisha", na shuleni hubandikwa jina la utani. Yote mawili ni makosa, na la kwanza ndilo baya zaidi kwa sababu husemwa kwa upendo.

Kila jicho huendeshwa na misuli 6, na ubongo ndio unaoiamuru ili macho yote mawili yalenge kitu kimoja. Jicho moja likienda upande, ubongo hupokea picha mbili zisizolingana. Mtu mzima akipatwa na hali hiyo huona vitu viwiliviwili. Ubongo wa mtoto hufanya hila: huipuuza picha ya jicho lililopinda. Mtoto halalamiki, na mzazi hutulia. Lakini jicho lisilosikilizwa halijifunzi kuona, na baada ya miaka 7 au 8 hivi ni vigumu kulifundisha. Upasuaji wa misuli unaweza kulinyosha hata ukubwani, ila uwezo wa kuona uliopotea mara nyingi haurudi. Mtu huyo ana macho mawili lakini anategemea moja. Tofauti yake na chongo ni ipi?

Wapo watakaonijibu kwamba watoto wachanga hupona wenyewe. Ni kweli, kwa miezi michache ya kwanza. Wapo pia wenye pua bapa katikati ya macho, ambao huonekana wana makengeza ilhali hawana. Lakini baada ya mwezi wa 4, wa kuamua ni mtaalamu wa macho, si jirani. Tena kengeza linaweza kuwa dalili ya saratani ndani ya jicho, nayo haisubiri mtoto akue.

Wengine watasema hatuna pesa. Matibabu hayaanzi kwa kisu. Kuna watoto ambao miwani pekee hunyosha macho yao, kwa kuwa walikuwa wakiyakaza mno ili waone vizuri. Wengine hufunikwa jicho zima kwa kiraka, saa kadhaa kwa siku, ili lile lililozembea lifanye kazi. Na tangu mwaka 2006 serikali yetu ilitangaza matibabu ya bure kwa watoto walio chini ya miaka 5. Miaka hiyo ndiyo ileile ambayo jicho hufundishika kwa urahisi. Anayengoja mtoto "akue" anaingoja siku ambayo nafasi zote mbili zimeshapita.

Nawaambia haya wanafunzi wenzangu wa Kiswahili kwa sababu wengi wetu tutashika chaki. Mwalimu anaweza kumfunika mtoto jicho moja, kisha la pili, na kumwuliza anasoma nini ubaoni. Ni kazi ya dakika 1. Methali tuendelee kuifundisha, lakini mtoto mwenye makengeza tusimfanye mfano wa somo. Tumwite mzazi wake.