Aliye majini asihukumiwe kwa kutojibu barua pepe

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na linagusa nchi nne: Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia. Kwa anayepeleka saruji Kalemie kutoka Kigoma, au anayeshusha sukari Bujumbura kutoka Mpulungu, ziwa hilo ni barabara. Lakini ni barabara ambayo ukishaiacha nchi kavu nyuma yako, simu inabaki kuwa tochi na saa.

Zamani hilo halikuwa tatizo. Liemba, meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913 na ambayo kwa miongo mingi ilikwenda na kurudi kati ya Kigoma na Mpulungu, ilipakia watu pamoja na magunia yao. Hati za mzigo zilikuwa mkobani mwa mwenye mzigo. Alifika nazo, na hakuna aliyengoja jibu lake kabla meli haijafunga gatini.

Leo hati inamtangulia mwenyewe. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilipoanza Himaya Moja ya Forodha mwaka 2014, kazi nyingi za forodha zilihamia kwenye kompyuta. Ni hatua njema. Mwenye mzigo mdogo, usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani na uliozalishwa ndani ya Jumuiya, bado anaweza kupata cheti rahisi cha uasilia mpakani na kukishika mkononi. Akivuka kiwango hicho anaingia katika dunia ya wakala wa forodha, makadirio ya kodi, ankara na viambatisho, na mengi ya hayo hupita kwenye barua pepe.

Sasa fikiria ujumbe huu unaingia saa nne asubuhi: uzito ulioandikwa kwenye ankara haulingani na orodha ya mzigo, leta ankara iliyorekebishwa kabla ya saa kumi. Mwenye mzigo yuko katikati ya ziwa na ataiona barua hiyo kesho. Saa kumi inapita, faili linawekwa kando, siku za kuhifadhi mzigo bure zinaanza kuliwa, na baada ya hapo ni tozo. Hakuna sheria aliyoivunja. Kosa lake ni kuwa safarini na mali yake.

Wapo wanaosema mfanyabiashara wa kisasa lazima apatikane wakati wote. Hao waulize fundi wa minara. Mnara wa simu wa mfumo wa GSM kwa kawaida haupiti kilomita 35, na Ziwa Tanganyika lina sehemu zenye upana wa kilomita 70 hivi. Ongeza milima inayoziba mawimbi pande zote mbili. Hata ukikaribia ufuko, simu inaweza kunasa mnara wa nchi jirani, na bando ulilonunua nyumbani likakataa kufanya kazi au salio likaliwa kwa bei ya ugenini.

Ukimya huo una hatari nyingine, nayo ni matapeli. Mbinu yao inajulikana: wanaingia kwenye barua pepe ya muuzaji au kutengeneza anwani inayofanana nayo, kisha wanamwandikia mnunuzi kwamba akaunti ya benki imebadilika. Mnunuzi anapiga simu kuthibitisha, haipatikani. Mwenzake yuko majini. Mzigo unamsubiri, kwa hiyo analipa, na fedha zinakwenda kwa mwizi.

Ninachodai kwanza ni haki ya muda. Orodha ya abiria na mizigo inaonyesha nani yumo chomboni na ameondoka lini. Basi ofisi za forodha, bandari na mawakala zikubaliane kwamba muda wa kujibu barua pepe kwa aliye safarini majini uanze kuhesabiwa chombo kinapotia nanga. Sheria kama hiyo haihitaji mkopo wala mnara mpya. Inahitaji waraka mmoja.

Pili, bei ya intaneti. Kenya, Uganda na Rwanda zilianza mpango wa Mtandao Mmoja mwaka 2014 na gharama za kupiga simu kati yao zikashuka. Kongo iliingia katika Jumuiya mwaka 2022. Bando la Kigoma lifanye kazi Kalemie na Bujumbura kwa bei ya Kigoma, na mazungumzo yafanywe na Zambia pia, ingawa si mwanachama.

Tatu, vyombo vyenyewe. Intaneti ya setilaiti ipo, na Zambia imeiruhusu tangu 2023. Lakini kibali cha nchi moja hakimpi nahodha haki ya kuwasha kifaa hicho ndani ya maji ya nchi nyingine. Nchi nne zikitambua kibali kimoja kwa vyombo vya ziwani, wenye meli watakuwa na sababu ya kununua kifaa.

Wakati tukisubiri hayo, nasi tuna wajibu. Kabla ya kupanda, fungua barua zote na uzihifadhi kwenye simu zisomeke bila mtandao. Andika majibu ukiwa njiani. Yatakaa kwenye kikasha cha zinazosubiri kutumwa na kuondoka mnara ukipatikana. Tuma maandishi mafupi badala ya picha nzito. Mpe wakala wako barua ya kumruhusu kurekebisha makosa madogo kwa niaba yako, ukitaja mipaka yake. Waandikie wateja siku utakayoondoka na utakayofika. Na mkubaliane mapema: akaunti ya benki haibadilishwi kwa barua pepe, hata kama jambo ni la dharura kiasi gani. Mpaka wasikie sauti yako, wasilipe.

Hata hivyo, uangalifu wetu hauwezi kufuta kilomita za maji yasiyo na mnara. Serikali zetu zimejivunia kuiondoa karatasi mpakani. Zimalize kazi hiyo kwa kumkumbuka mwenye mali ambaye, saa ile barua inapoingia, amekaa juu ya magunia yake na ufuko hauonekani.