Meno meupe: ya nyumbani ao ya kwa mganga?

Arusi ikikaribia, mabinti wetu hapa Golf wanaanza kusugua meno. Mmoja anatwaa unga wa makala ya mbabula, mwingine ndimu na bikarbonati. Jino linang'aa siku mbili tatu, kisha maji baridi yanaanza kuuma.

Sababu ni hii: ngozi ngumu ya juu ya jino ikiisha, haioti tena. Makala inaikwangua, ndimu inaiyeyusha. Chini yake jino ni la manjano. Anayesugua sana anabaki na manjano kuliko mwanzo.

Mganga wa meno anaanza kwa kuangalia. Ni rangi ya chai ao tumbako? Mara nyingi kuondoa ukoko kunatosha. Jino limeoza ao limekufa? Linatibiwa kwanza. Akitumia dawa ya kung'arisha, anafunika ufizi usiungue. Jino la bandia halibadiliki rangi.

Na dawa za kununua? Huko Ulaya, tangu 2012, dawa yenye zaidi ya asilimia 0,1 ya peroksidi ya hidrojeni haiuzwi ovyo: lazima ipitie kwa mganga wa meno, na wasiofika miaka 18 hawapewi. Basi chupa isiyoandikwa nguvu yake, tuiache sokoni. Mwenye mimba na anayenyonyesha wangoje.

Mama, pesa ikiwa kidogo, lipia kwanza kuangaliwa na kusafishwa. Kisha mswaki na dawa yenye floridi, asubuhi na usiku.