Katapila la Kale na Lami ya Jana

Katika vitu vinavyoletwa maonyeshoni hakuna kinachokusanya kadamnasi upesi kuliko mtambo wa kale uliofufuliwa. Na katika mitambo yote ya kale hakuna unaotia haiba na hofu kwa pamoja kama katapila la minyororo ya chuma, litembealo polepole kuliko mbuzi, likitoa moshi mweusi na kishindo kinachosikika kitongoji cha pili kabla lenyewe halijaonekana. Kwa hiyo nisidhaniwe kuwa miongoni mwa wale wanaotaka makatapila ya zamani yafungiwe uani au yauzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Maoni yangu ni kwamba yatolewe, yaonwe na yapewe taadhima yake, walakini yasiikanyage lami miguu mitupu, na gharama ya kuikinga iwe juu ya mwenye maonyesho, wala si juu ya Mfuko wa Barabara baada ya madhara kutokea.

Sisi wa Nyaishozi, wilayani Karagwe, tunayo sababu ya kusema hivyo. Karagwe na Kyerwa, ambazo zilikuwa wilaya moja hata mwaka 2012, zimeishi dahari kwa vumbi jekundu wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa masika, kahawa ikichelewa njiani na wagonjwa vilevile. Na zile kilomita 59 za lami kutoka Kyaka hata Bugene, ambazo mgeni kutoka mjini huzipita huku akisinzia, kwetu ni neema iliyongojewa tangu enzi za wazee wetu.

Ajabu ya katapila ni kwamba lilizaliwa kwa ajili ya tope. Benjamin Holt, mtu wa Stockton katika California, alilijaribu la kwanza tarehe 24 Novemba 1904, kwa kuwa matrekta ya mvuke ya siku zile yalikuwa yakididimia katika udongo tepetevu wa mashamba ya huko. Akaondoa magurudumu, akatia ukanda mrefu mahali pake, na uzito uliokuwa ukilemea mahali padogo ukatandazwa. Hesabu yake ni nyepesi. Tani 10 zikilala juu ya minyororo miwili, kila mmoja ukiwa na upana wa sentimita 40 na ukigusa ardhi kwa urefu wa mita 2, kila sentimita ya mraba hubeba kilo 0.6 tu, kiasi kisichopita sana kile cha mtu mzima akanyagapo kwa mguu mmoja. Ndiyo maana shambani hupita pale ambapo lori limezama hata ekseli. Juu ya lami mambo hugeuka, maana meno hayazami: mtambo wote husimama juu ya ncha za meno yale, ambazo unene wake ni sentimita moja au mbili, na mzigo wa kila sentimita ukazidi mara kumi au zaidi.

Na hilo ni afadhali kuliko kukata kona. Opareta wa katapila la kale aghalabu hana usukani. Huvuta mkono mmoja, mnyororo wa upande huo ukalegea au ukashikwa na breki, na wa pili ukaendelea kusukuma hata mtambo wote ukazunguka. Penye udongo hubaki alama ya nusu duara, na mvua ya kwanza huifuta. Penye lami, hasa saa nane mchana wa Agosti, jua likiwa limekwisha kuilainisha, meno hukwangua kokoto na kuzing'oa. Anayetaka kusadiki na ainame aitazame alama hiyo kwa karibu: mikato mifupi iliyopangana, kina chake kama cha ukucha, lami imetuna kandokando yake, na ndani yake panang'aa kokoto iliyovunjika upya. Haifanani na hasara. Lakini barabara za mikoani aghalabu hazina tabaka nene. Zimepakwa lami na kumwagiwa kokoto mara mbili, na ngozi yote hiyo haizidi sana sentimita mbili au tatu. Mvua za vuli zikianza, maji hupenya katika mikato ile, changarawe ya chini ikalowa, malori ya ndizi na ya kahawa yakapita juu yake, na kabla ya masika pana shimo.

Nchi hii si geni kwa minyororo ya chuma. Ule mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuvunjika mwaka 1951, ulileta Kongwa makatapila yaliyosalia katika vita, na hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta, na ardhi ya Kongwa ndiyo iliyoyashinda. Mwaka 1978 na 1979 vifaru vilipopita huku kwetu Kagera kumfukuza Idi Amin wa Uganda, hapakuwa na mtu wa kuuliza habari za barabara, na haikupasa aulizwe. Hiyo ilikuwa vita; maonyesho ya Nanenane si vita.

Dawa ya maradhi haya ya chuma juu ya lami imejulikana zamani. Magari ya Citroën yaliyovuka Afrika na kufika Kampala mwaka 1925, kisha yakagawanyika makundi manne, moja likashika njia ya Dar es Salaam, yalitembea juu ya mikanda ya mpira iliyobuniwa na Adolphe Kégresse. Vifaru vingi vya leo hufungwa vipande vya mpira juu ya minyororo yake, na wapenzi wa makatapila ya kale huko Marekani na Uingereza hufanya vivyo hivyo kabla ya kuyaingiza mtaani. Kwetu kazi hiyo haihitaji meli. Fundi anayekata katambuga kutoka tairi la lori anaujua mpira unene wake na ukaidi wake. Akishirikiana na mchomeleaji, ataweza kulivisha katapila nalo katambuga zake, kila kiatu cha chuma kikapata pande la mpira lililokazwa kwa boliti, vichwa vya boliti vikiwa vimezama ndani ili visiguse lami. Hadhari moja tu: mpira hauna mshiko wa meno, na vilima vyetu vikilowa si vya mchezo; kwa hiyo katapila lililovaa mpira lisiteremshwe mlima wakati wa mvua, abadan.

Lakini iliyo aula kuliko zote ni kutolitembeza juu ya lami. Lije juu ya lobedi, lishushwe penye moramu, na gwaride lipite njia za udongo, ambazo alhamdulillahi hatujaishiwa nazo. Watoto wa shule watafaidi zaidi wakiliona likisawazisha kiwanja cha mpira kuliko wakiliona likipita mbele ya mgeni rasmi na kutoweka. Ikiwa hapana budi kuivuka barabara, livuke asubuhi kabla jua halijakolea, kwa mstari ulionyooka, juu ya safu mbili za matairi makuukuu au mikanda ya viwandani iliyotandikwa, na opareta asiguse mkono wa kugeuzia mpaka amalize kuvuka.

Wapo watakaosema kwamba lori moja lililozidisha mzigo huharibu zaidi ya makatapila kumi ya sherehe. Kweli, lakini lori lina mizani inayolingoja njiani, na sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeliwekea kikomo cha tani 56, ilhali meno ya katapila hayapimwi na mizani yoyote. Basi kipimo chake na kiwe katika kibali. Kila halmashauri inayoandaa tamasha, kabla haijatoa ruhusa, itake kwanza barua ya TANROADS kwa barabara kuu na za mkoa, au ya TARURA kwa zile za wilaya, ikitaja njia, saa, na aina ya kinga; na mwenye mtambo aweke dhamana ya fedha, hata kama mwenye mtambo huyo ni idara ya serikali yenyewe, maana kwa idara ndiko makatapila mengi ya kale yaliko. Siku inayofuata tamasha mhandisi na mwenye mtambo waipite njia yote kwa miguu, pamoja, na isipoonekana alama ya jino, dhamana irudishwe palepale.